Figa na Ngata

Silabi moja ndiyo iliyonipeleka kwa seremala. Nilikuwa nikinukuu maneno ya wimbo ulio upande wa pili wa santuri ndogo, mojawapo ya zile walizorekodi wanamuziki wa Kongo waliohamia Nairobi, enzi za Super Mazembe na Les Mangelepa. Utafiti wangu unahusu viambishi vya nafsi katika Kiswahili cha nyimbo hizo, Kiswahili kilichoondoka kwetu, kikaishi Kenya, kikaturudia kimebadilika kidogo. Nilifika kwenye kitenzi cha mstari wa tatu, na papo hapo mdogo wangu akapita sebuleni. Sakafu ikanesa, sindano ikaruka, silabi ikaenda nayo. Nikarudisha mkono wa mashine. Mara hii akapita Mama na ndoo ya maji. Umeme ulipokatika jioni ile nilikuwa bado sijajua kama mwimbaji alisema ni- au tu-. Kwa kazi yangu tofauti hiyo si ndogo: upande mmoja yuko mtu anayelalamika peke yake, upande wa pili wako watu wanaolalamika pamoja.

Najua mtaniuliza kwa nini nisisikilize kwenye simu. “Kasongo” na “Shauri Yako” ziko kwenye simu za watu wote, na hizo sina shida nazo. Shida ni nyimbo za upande wa pili, zile zilizowekwa ili santuri isibaki na uso mmoja mtupu. Huu wangu nimeutafuta kwenye intaneti kwa miezi bila kuuona. Santuri yenyewe ilinunuliwa na babu yangu, dereva wa lori aliyekuwa akifika hadi Kampala. Nakala ninayoijua ni hiyo moja, na kila mara sindano inaporuka inaikwaruza.

Sasa niwaeleze mashine ilikuwa imewekwa juu ya nini. Nyumbani kwetu Murara tuna mashine ya santuri, ampli moja, na spika mbili ambazo hapa Goma tunaziita bafle. Ampli ilikaa chini, juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa. Mashine ilikaa juu ya kreti nyingine mbili zilizopandana. Bafle zilikaa kila moja juu ya kreti yake, huku na huku, zimebanwa ukutani. Kreti za plastiki ni nyepesi, hazina gharama, na zina mashimo ya kushikia. Mtu akiambiwa toka sasa hivi, anazishika na kutoka. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya Papa azipende, na ndilo lililofanya mazungumzo ya kununua etajere yawe magumu kuliko nilivyotarajia.

Babu alikuwa na etajere. Mimi siikumbuki, ila nimeisikia ikisimuliwa mara nyingi kiasi kwamba naweza kuichora: mbao ngumu nyekundu za msituni, rafu nne, milango miwili ya chini iliyotunza santuri, na urefu wa kumfikia mtu kifuani. Wanaume wanne ndio walioiingiza ndani. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, na lava ikateremka ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Nilikuwa mtoto wa kubebwa. Mama alinifunga mgongoni, akaweka beseni la nguo na vyombo kichwani. Papa alibeba mashine kwa mkono mmoja na sanduku la santuri kwa mkono mwingine. Etajere ilibaki imesimama mahali pake, na Babu, kwa jinsi wanavyosimulia, aliifunga mlango kwa ufunguo kabla ya kutoka. Tuliporudi, kiwanja chetu kilikuwa jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa na moto chini yake. Nyumba tunayokaa leo, ya mbao kama nyumba nyingi za hapa, ilijengwa juu ya jiwe hilo. Kwa hiyo etajere ya Babu, au majivu yake, iko chini ya miguu yetu tunapokunywa chai.

Halafu ikaja 2021. Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei mlima ulipasuka tena, na lava ikasimama si mbali na uwanja wa ndege. Tukadhani yameisha, lakini matetemeko yakafuata mchana na usiku, kuta zikapasuka, vitu vikawa vinashuka vyenyewe kutoka mezani. Alfajiri ya tarehe 27 tukaambiwa mitaa kumi ya mji ihame, na Murara ulikuwemo. Tulielekea Sake, kilomita zipatazo 25, tukiwa katikati ya umati usio na mwisho. Mama alikuwa na beseni kichwani kama mwaka 2002. Mashine ilikuwa ndani ya kreti, kreti iko kwenye bega la Papa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni upumbavu kubeba mashine ya santuri kwenda mahali pasipo na umeme.

Basi nilipomwambia kwamba tunahitaji etajere ya kweli, alinijibu bila kuinua macho: “Kitu kisichobebeka si kitu chetu.” Mama, aliyekuwa akichambua maharage, akasema kwamba miaka ishirini ya kuishi kama watu wa stesheni inatosha, na kwamba yeye anataka kuona sebuleni kwake kitu kimoja kisichoonekana kama kinasubiri gari. Nikaelewa kwamba hawakuwa wakizungumzia mashine.

Niliahirisha ugomvi nikaenda kusoma. Kazi ya kitu kinachobeba mashine ya santuri inaelezeka kwa urahisi. Sindano inasoma mitikisiko midogo mno iliyochorwa katika mfereji wa santuri. Haina uwezo wa kujua mtikisiko upi ulichorwa Nairobi na upi umetoka kwenye kisigino cha mdogo wangu; yote kwake ni wimbo. Tena bafle zenyewe zinatikisa sakafu na ukuta, mtikisiko unapanda hadi kwenye mashine, sindano inausoma, ampli inaukuza, bafle zinautoa tena kwa nguvu zaidi. Ukiongeza sauti unaanza kusikia mvumo mzito wa besi usiokuwamo kwenye wimbo. Kwa hiyo mashine isikae pamoja na bafle. Ikae sawasawa, maana ikiinama upande mmoja mkono nao unavutwa upande huo. Ampli nayo iachiwe nafasi juu yake, ipumue, kwa sababu inatoa joto. Bafle ziondolewe kwenye kona za ukuta ili besi isizidi kiasi, ziinuliwe zikaribie usawa wa masikio ya mtu aliyekaa.

Hadi hapo sikuwa na tatizo. Tatizo lilianza niliposoma kuhusu vitegemezi vyenyewe, kwa sababu washauri wamegawanyika katika makundi mawili yanayopingana. Kundi la kwanza linataka ugumu: kitu kizito, kisichonesa, kilichokazwa chini. Kundi la pili linataka ulaini: mpira, hewa, chochote kitakachoipa mashine mto wa kulalia ili mtikisiko ufie njiani. Nilisoma pande zote mbili nikaona zote zina haki.

Mwanafunzi wa isimu akikwama hufungua kamusi. Nilitafuta neno la Kiswahili la kitu ninachokitaka. Kamusi zina rafu, zina kabati, zina tegemeo, na zina kiweko, neno zuri lililotokana na kuweka ambalo hapa mtaani sijawahi kulisikia mtu akilitumia. Goma tunasema etajere, tumelichukua kutoka Kifaransa tukalimaliza kwa irabu yetu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokwambia kitu hicho kinabeba kwa namna gani. Yanakwambia tu kwamba kuna kitu juu yake.

Siku mbili baadaye nilikuwa jikoni. Mama alikuwa akipika nje kwa kuni kwa sababu sufuria ilikuwa kubwa, na nikayaona mafiga matatu ya lava chini yake. Kando yake lilikuwa beseni, na juu ya beseni kitambaa cha kitenge kilichosokotwa kuwa duara, ile ngata anayoiweka kichwani kabla ya kubeba. Yeye huiita ingata. Nilisimama pale na kijiko mkononi. Vitegemezi vyote viwili, kigumu na laini, vilikuwa na majina, tena majina ya kale.

Figa ni ndugu wa ishyiga la Kinyarwanda na essiga la Kiganda. Sauti zinalingana kwa utaratibu: penye f ya Kiswahili mbele ya i hiyo ya kale, Kinyarwanda huweka shy, kama katika fika na gushyika. Kwa Waganda neno hilohilo limepanda likawa jina la tawi kubwa la ukoo, kana kwamba ukoo ni chungu na matawi ndiyo mawe yanayoushikilia. Ngata nayo ni ingata kwa Kinyarwanda na enkata kwa Kiganda, na kamusi za Kiswahili zina kata pia kwa maana hiyo. Watu waliozungumza lugha hizi kabla yetu walitenganisha wazi kazi mbili. Chungu kinachokaa kinahitaji vituo vigumu. Mtungi unaosafiri unahitaji duara laini, ili hatua za mbebaji zisiufikie na maji yasimwagike.

Mafiga yana siri nyingine ambayo kila mpishi anaijua bila kufundishwa jiometri. Mawe matatu hayayumbi kamwe, hata ardhi iwe mbaya namna gani, kwa sababu nukta tatu daima ziko kwenye bapa moja. Ukiweka la nne, moja litabaki linaning’inia. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Hawakusumbuka kusema lolote juu ya manne.

Nikaenda kwa seremala mmoja mzee karibu na Birere, mtu ambaye zamani alikuwa akichonga chukudu. Nilimweleza nataka etajere ya miguu mitatu, fupi, kwa ajili ya mashine ya santuri. Akanitazama kama mtu anayepewa oda na mtoto.

“Mama, miguu tatu inaanguka.”

“Lakini haiyumbi, Mzee.”

“Haiyumbi, njo vile. Lakini ukiisukuma inaanguka.”

Alikuwa na haki, na nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Ukiweka miguu minne na miguu mitatu kwa umbali uleule kutoka katikati, ile mitatu inaacha ukingo ulio karibu zaidi na katikati, kwa hiyo meza yake inapinduka upesi. Ili ilingane na ya minne, miguu lazima itanuliwe kama mara 1.4. Yaani kama minne ingekaa sentimita 35 kutoka katikati, mitatu iende karibu 50. Katika mji wa matetemeko hesabu hiyo haina mzaha. Nilirudi kwake na mchoro: fupi, isiyofika magoti, miguu imetanuka kama ya kuku anayekunywa maji.

Aliutazama mchoro, kisha akaniuliza swali ambalo wasomaji wa pwani lingewashangaza: “Sasa unauza ao hauuzi?” Kwetu kuuza ni kununua, na anayetoa bidhaa anauzisha. Mhadhiri mmoja aliwahi kutuambia darasani kwamba kitenzi hicho kimewagombanisha wafanyabiashara wengi kuliko bei. Nikamjibu kwamba nauza, lakini kwanza aje aone sakafu.

Alikuja Jumapili baada ya misa. Akavua viatu, akatembea sebuleni mara mbili, taratibu halafu kwa nguvu. Nilikuwa nimeweka glasi ya maji juu ya kreti, na kwa kila hatua yake maji yalifanya miduara. Akapiga magoti, akagonga mbao.

“Mama, hii haiko sakafu, iko ngoma.”

“Tufanye nini, Mzee?”

“Tutoboe.”

Nyumba yetu imekaa juu ya mihimili, na mihimili juu ya lava. Kati ya mbao na jiwe kuna nafasi ya kiganja au zaidi. Wazo lake lilikuwa hili: akate matundu matatu kwenye sakafu, mapana kuliko miguu ya etajere, ili miguu ipite ndani ya matundu isimame juu ya jiwe lenyewe bila kugusa mbao. Watu watembee watakavyo. Ngoma itapigwa, lakini mashine haitakuwa juu ya ngoma. Na kwa kuwa jiwe la chini ni la mabonde na vilima, lisiloweza kusawazishwa, akakubali mwenyewe, bila mimi kumkumbusha, kwamba hapo miguu ni mitatu.

Papa alikuwa mlangoni anasikiliza. “Mnataka kuifunga nyumbani kama mbuzi,” akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo. Nilimwomba seremala asitumie misumari wala gundi: miguu iingie kwenye rafu kwa kabari za mbao, ugonge tatu zikaze, ugonge tatu zitoke. Rafu mbili tu, ya ampli chini na ya mashine juu, pana ya kutosha ili ampli ipumue. Chini ya mashine nilitaka bamba zito, kwa sababu kitu kizito kikiwa juu ya kitu laini hakichezeshwi ovyo na mitikisiko midogo. Seremala alipendekeza ubao mnene, na Mama akacheka. “Mnatafuta kitu kizito Goma?”

Tukalitoa uani. Lava ya Nyiragongo hutiririka kama uji mwepesi, na mahali pengine inapopoa huacha magamba mapana yanayobanduka. Mpasua mawe wa mtaani alilichonga kwa nyundo na patasi hadi likawa kama sentimita 45 kwa 38, unene wa vidole vitatu. Nilililipulia vumbi, nikalisugua, nikalipaka rangi ili chembe zisidondokee santuri. Chini yake nikaweka ngata: tyubu ya gurudumu la toroli, iliyotiwa upepo kidogo tu, kiasi cha kuliinua jiwe lisiguse rafu. Seremala akaongeza ukingo wa mbao kuzunguka rafu, ili siku ardhi ikitetemeka jiwe lisiteleze likatoka. Kisha tukaleta kile anachokiita nivo, na ambacho vitabu vyetu hukiita pimamaji, tukasogeza tyubu huku na huku hadi kipovu kikatulia katikati. Bafle tuliziacha juu ya kreti zao, mbali na kona, ila kreti tulizijaza mifuko ya changarawe. Papa aliridhika kwamba kreti hazikuachwa nje ya mambo.

Nilirudisha glasi ya maji. Mdogo wangu aliruka mahali alipopita siku ile. Maji yalitulia tuli.

Papa hakusema kitu. Alikwenda kuchukua simu yake, akaweka saa, akaanza kubomoa. Akaitoa mashine, akaiweka ndani ya sanduku. Akaishusha ampli. Akagonga kabari, akachomoa miguu, akaifunga pamoja na rafu kwa kamba, mzigo mmoja wa bega. Akatoa upepo wa tyubu, akaikunja mfukoni. Kisha akasimama mbele ya jiwe, ambalo lilikuwa na uzito kuliko vyote vingine pamoja, na nikamwona anatafuta mahali pa kulishika.

“Hilo liache,” Mama akamwambia. “Kokote utakakorudi hapa utalikuta lingine.”

Akasimamisha saa. Dakika sita na sekunde kadhaa. Alitikisa kichwa, akasema inaweza kufika nne akizoea, kisha akaanza kuipanga upya, mguu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukishuka kwenye tundu lake hadi ukagonga lava chini. Sauti ya kugonga ilikuwa fupi na kavu. Nilifikiria kabati la Babu lililofungwa kwa ufunguo, kimo cha watu wawili chini ya hapo, na nadhani yeye pia alilifikiria, kwa sababu alibaki ameinama kwa muda kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

Umeme ulirudi saa mbili usiku. Niliweka santuri, upande wa pili. Mama alipita na ndoo, makusudi, akikanyaga kwa nguvu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Ilikuwa tu-. Niliirudia mara nne ili niwe na hakika, na mara ya nne Papa aliniomba niiache santuri iendelee hadi mwisho.